Mzee Job Makokha na Ndege Wenye Manyoya

Marehemu Mzee Job Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Khwisero, kitinda mimba wa watoto saba. Alisoma hadi darasa la saba mwaka 1971, akaacha shule babake alipofariki. Lakini Kiswahili cha darasani hakukiacha kamwe.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, Industrial Area, Nairobi, akakitumikia hadi alipostaafu 2015. Jumamosi zake zilikuwa za msitu wa Karura. Alikaa kando ya kinamasi na darubini ya mtumba kutoka soko la Gikomba, akimsubiri ndege mdiria saa nzima, kisha akarudi kwetu Maringo na matope hadi magotini. Jirani yetu Mutie alipenda kumtania, "Mzee, leo umezishika ngapi?" Naye alimjibu, "Siwashiki, nawatazama. Wa manyoya ni 'wa', Mutie. 'Zi' ni ndege za chuma."

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa Annah Muhonja. Walijaliwa watoto wawili, Wesonga na mimi Triza ninayewasomea wasifu huu.

Hapa naona aibu, lakini nitasema. Agosti 2016, wakwe zetu walipokuja nyumbani kuniposa, Mama Kivuva, mamake mchumba wangu, aliniuliza baba anashinda wapi siku hizi. Nilikuwa nimechoka kuitwa mtoto wa mzee wa ndege. Nikajibu, "Anaangalia ndege zikipaa na kutua." Wakaelewa ni kazi ya uwanja wa ndege, nami nikanyamaza. Baba alisikia. Aliangalia chai yake, hakunisahihisha. Tangu hapo, wakwe wakija, darubini aliificha uvunguni mwa kitanda.

Alianza kuugua mapafu Juni 2024. Alipolazwa Januari, Mama Kivuva alimtembelea wodini, akamuuliza, "Baba Triza, huko kwa ndege nani anashikilia kazi yako?"

Baba alivuta pumzi kwa shida. "Zinaruka tu, Mama Kivuva, hata nisipokuwepo."

Mtu aliyesahihisha mtaa mzima alisema "zi" ili mimi nisiumbuke. Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 19 Januari 2025, kabla sijamwomba msamaha.

Ameacha mjane, Annah; watoto, Wesonga na Triza; mkwe, Kivuva; na mjukuu mmoja, Ryan.

Wakwe zangu, baba hakufanya kazi uwanja wa ndege hata siku moja. Alitengeneza sabuni na kutazama ndege. Mwongo ni mimi.

Mungu ampumzishe kwa amani. Mimi hiyo amani bado sina.