Bi Adelina Ladislaus, Aliyeonja Kwanza (1942–1979)

Adelina, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1942 huko Kamachumu, Bukoba, mtoto wa pili wa Mzee Ladislaus. Alisoma shule ya misheni kwao, na ukali wa masista haukumpunguzia kicheko. Mwaka 1967 alikuja Stockholm kusomea lishe. Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Bwana Gervas hapa Jakobsberg, kitongoji cha Stockholm. Padri alipokwama kutamka jina la ukoo wake, bibi harusi alicheka mpaka kanisa zima likacheka naye.

Alifanya kazi katika duka la vyakula. Novemba 1973 mtu asiyejulikana alipiga simu polisi, akidai ametia sumu kwenye vichupa vya uji wa watoto, bila kusema duka gani. Mji ukashikwa na hofu. Vichupa vilikuwa havijaondolewa rafuni, na mama mmoja alisimama hapo na kigari cha mtoto, analia, hajui anunue nini. Adelina akafanya kama tufanyavyo kwetu kwa mgeni: akafungua kichupa, akaonja, akamwambia, "Nimekula mimi. Mpe mtoto." Mama yule akapiga mayowe, akidhani ndiye mtia sumu. Polisi wakamkuta Adelina na kichupa mkononi.

Aliwekwa rumande, akashtakiwa kwa kuchezea chakula cha umma na kuhatarisha maisha ya watu. Mwendesha mashtaka alimwuliza nani alimtuma.

"Hakuna, bwana. Kwetu anayekupa chakula hukionja kwanza, ndipo ule bila wasiwasi. Kama kina sumu, nife mimi."

Mahakama ilisema kufungua kichupa si kosa la jinai pasipo nia ya kudhuru wala kutishia watu. Februari 1974 aliachiwa huru. Aliyepiga simu hakupatikana kamwe.

Sheria ilimsafisha, watu hawakumsafisha. Lisemwalo lipo, walinong'ona. Kwenye sherehe zetu Watanzania wa huku, kutoka kitongoji cha Tumba hadi Upplands Väsby, aliambiwa kwa upole, "Dada, leo wewe kaa tu, sisi tutapika." Sahani aliyokuja nayo alirudi nayo imejaa. Hilo lilimuuma kuliko rumande, na inasikitisha kulisema mbele ya jeneza lake.

Mwaka jana aliugua saratani ya ini. Alifariki tarehe 3 Machi 1979, asubuhi, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, binti yake Clementina, mama yake mzazi aliyeko Bukoba, na kaka yake Kasiani anayewasomea haya.

Chakula cha msiba kiko ukumbini. Adelina alikipika mwenyewe Januari, alipokuwa bado anaweza kusimama, akakiweka kwenye friza. "Wakija kunizika," alimwambia mumewe, "wale." Familia inaomba asiondoke mtu kabla ya kula, ili dada yetu apumzike kwa amani.