Kituo cha Ng'ombe Kumi na Wawili

Treni ya kwenda Manakara, mji wa pwani, haina haraka, kwa hiyo hofu ya Remanga ilipata muda wa kutosha kukua. Alikaa mbele yangu, mabega kama ya fahali, akipakata kanzu nyeupe ya waombeaji, wale wanaotoa pepo. Alimwambia bibi aliyeketi kando yake kwamba kanisa la kituo kinachofuata limeomba mwombeaji, na mjini wakamteua yeye.

"Bibi, kijiji hicho nilikiibia ng'ombe kumi na wawili. Hawajui kuwa anayekuja ni mimi."

"Si uliungama?"

"Niliungama. Mungu amenisamehe."

"Mungu hakuibiwa ng'ombe, mwanangu."

Nilicheka, nikajifanya nakohoa.

"Sasa nipitilize hadi baharini?"

"Pitiliza. Pepo wa kijiji hicho watakushangilia."

"Na wanakijiji wakinikata mapanga?"

"Hilo silijui, baba. Ila usiwaombee kabla hujawaomba radhi."

Treni ikasimama. Kwaya ilikuwa ikiimba kumpokea mgeni. Remanga alipotokeza mlangoni, walimtambua, na sauti zikakatika moja moja. Alishuka, kanzu ikiwa bado mkononi.