Marehemu Alois Hruska na Mkasi Wake wa Mabango

Marehemu Alois Hruska alizaliwa tarehe 14 Machi 1871 shambani kwa wazazi wake, karibu na Wilber, Nebraska. Alisoma hadi darasa la nane. Mwalimu wake alilalamika kwamba kila alipofundisha hesabu za matufaha, Alois aliomba kwanza kuyaona.

Mwaka 1910 alifungua jumba la sinema hapa Wilber. Sinema bubu za kuchekesha zililetwa kwa treni kutoka Omaha pamoja na mabango yake, na marehemu hakuwaamini waliozileta. Kila bango alililinganisha na picha yenyewe, na kisichokuwemo alikikata kwa mkasi. Bango likiwa na tembo na sinema haina, tembo aliondoka. Tulizoea mabango yenye matundu, na kilichobaki tulikiamini.

Huko Omaha, mawakala waliwaonyesha wenye majumba ya sinema picha mpya kabla ya kuwakodishia. Ilisemekana kwamba mawakala hao huketisha nyuma wachekaji wa kukodiwa. Siku moja mwaka 1915, marehemu akiwa kwenye onyesho hilo, mwanamke mmoja nyuma yake alicheka hadi akashika mbavu. Marehemu aligeuka.

"Dada, wamekupa nini?"

"Mtu katumbukia kwenye pipa la chokaa, nisicheke? We kaka una jiwe kifuani?"

"Hujajibu."

"Basi nichunguze!"

Alimchunguza mwaka mzima, kisha akamwoa tarehe 3 Juni 1916. Ndiye Bi. Rozalie. Tangu hapo kila sinema ya kuchekesha aliitazama kwanza Bi. Rozalie, wakala akiwa nje ya mlango. Asipocheka, haikodiwi. Hata hivyo, kicheko kile cha kwanza kilimsumbua marehemu miaka yote. "Nimeoa mke," alikuwa akisema, "au nimeoa bango?"

Novemba 1931 moyo ulianza kumsumbua. Tarehe 9 Februari 1932, akiwa kitandani, alimwita mkewe.

"Rozalie, siku ile Omaha. Sema kweli."

"Waliniahidi kofia, mzee. Nicheke mbwa akitokea."

"Mbwa alitokea mwishoni."

"Ndiyo. Kwenye pipa nilicheka mwenyewe. Mbwa alipotokea nilikuwa nakukodolea macho wewe, nikasahau kucheka. Kofia sikuipata."

"Nilijua tu kuna kitu," alisema marehemu, akacheka. Alifariki jioni hiyo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Bi. Rozalie, watoto wawili, Otilie na Emil, dada yake Antonie, ambaye ni mama yangu, nami mpwa wake. Nilikuwa nimeandika pia kwamba marehemu alimwamini kila mtu. Bi. Rozalie alisoma, akaomba mkasi.

Yaliyobaki ni kweli. Mjomba, pumzika kwa amani, bila wasiwasi.