Adventina Aliyewashonea Wenzake Nguo za Kuogelea (1982–2018)

Marehemu Adventina Nahimana alizaliwa tarehe 3 Mei 1982 katika tarafa ya Gasorwe, mkoa wa Muyinga, Burundi, mtoto wa tatu wa Mzee Gervasi na Mama Josefina. Mama yake alisimulia kwamba siku ya ubatizo alilia misa nzima kwa sababu kigauni kilimbana makwapani. Kilipovuliwa, akacheka.

Mwaka 1993 vita viliikimbiza familia hadi Ngara, Tanzania. Alisoma shule ya kambini hadi darasa la saba, kisha akajifunza kushona. Amani iliporudi, naye alirudi, Agosti 2005, kwa njia ya Kobero, cherehani kichwani. Wabebaji wa mpakani waliomba kumpokea akakataa katakata.

Tarehe 12 Januari 2008 aliolewa na Fabiano, mwalimu wa Mushasha, Gitega. Fabiano huyo ndiye anayewasomea maneno haya.

Adventina alishona sokoni Gitega. Mwaka 2011 alijiwa na Mama Riziki, muuza vitenge, aliyeagizwa na daktari afanye mazoezi ya nyonga majini. Kwenye bwawa la hoteli walimzuia kuingia na kitenge, na nguo za kuogelea za mitumba hazikumpita mapajani.

“Ziko za wasichana,” alisema. “Mi niko na mwili ya watoto sita.”

Adventina alimshonea ya mikono mirefu, inayofika magotini, na ndani ya mshono akaacha kitambaa cha upana wa vidole vinne, cha kufumuliwa akinenepa. Wakaja wengine: wajawazito, wenye makovu ya moto, wanene, waliokonda kwa maradhi. Wote ishirini na watatu aliwaachia vidole vinne. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia majini, kwa sababu mumewe alisema mke wa mwalimu haonekani bwawani.

Februari 2017 alikatwa titi la kushoto mjini Bujumbura. Aliporudi nyumbani alijishonea nguo yake ya kwanza, ya buluu, upande mmoja ameujaza sponji. Alimwomba mumewe ampeleke mara moja tu. Mumewe alimwambia asubiri kwanza arudishe mwili. Ukweli ni kwamba aliona aibu, na leo hana pa kuificha. Adventina alisubiri, akikonda, na mara nne aliipunguza nguo ile bila kulalamika.

Mwezi huu mumewe alilegea, akamwahidi Jumamosi tarehe 21.

“Usinihamishie siku tena, baba Emiliana,” alisema. “Mshono wa kupunguza umebaki mmoja.”

Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Julai 2018, saa nne asubuhi. Jumamosi tarehe 21 ni leo.

Mumewe aliwasihi waliomwosha wamvike ile ya buluu chini ya gauni. Ilimpwaya. Dada yake Kasilda aliipunguza mara ya tano, kwa mkono, ikiwa mwilini mwa marehemu.

Ameacha mume, mabinti wawili, Emiliana na Raissa, dada yake Kasilda, na wanawake ishirini na watatu ambao nguo zao bado zina nafasi. Mabinti zake watakapotaka kuogelea, baba yao atawapeleka siku hiyohiyo.

Apumzike kwa amani Adventina, katika nguo isiyombana.