Attracta Mulderrig na Zamu Niliyoipoteza

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Attracta Mulderrig anavua ovaroli ya karakana ya kiwanda chetu cha maziwa baada ya kuivaa miaka thelathini na tisa. Kamati ya sherehe ilinituma mimi, Enda Cuffe wa kufunga siagi, niandike mambo yake mazuri. Yapo tele. Lakini kuna baya moja, na ni la kwangu. Lazima liingie humu, maana bila hilo hamtaelewa anakwenda wapi Jumatatu.

Attracta aliingia hapa kuosha mitungi. Siku moja mashine ya kutenganisha malai ilikwama na fundi yuko harusini Sligo. Akaifungua mwenyewe, akaiosha, akaifunga, ikazunguka. Fundi aliporudi alikuta ana msaidizi, na baada ya miaka michache alikuta ana bosi. Ule mwaka wa theluji nyingi, alilala ubavuni mwa boila mpaka barabara zilipofunguliwa, na hakuna mkulima wa huku aliyemwaga maziwa. Na meneja mmoja alipotaka kuuza kama chuma chakavu ile mashine yetu ya kukerezea vyuma, Attracta aliikalia juu, akafungua mkate wake wa nyama, akala taratibu. Kesho yake akafanya vilevile. Mashine ipo mpaka leo. Meneja yule hayupo.

Kila mtu hapa anajua saa ya chai hupigwa zumari ya mfuko nyuma ya boila. Kwa miaka yote Attracta amepiga nusu seti: mfuko, mvukuto wa kubana kwa kiwiko, bomba la wimbo na yale ya mvumo. Alichokosa ni mabomba matatu yenye vitufe, yanayolala juu ya paja na kubonyezwa kwa kifundo cha mkono wimbo ukiendelea. Ukiwa nayo hayo, una seti kamili. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akilitamani.

Vijana waliomuuliza wanunue zumari kwa nani aliwajibu kama anayewagombeza.

"Usinunue picha! Nenda kasikilize kazi ya fundi ikiwa mikononi mwa mpigaji wa kawaida. Bingwa ukimpa hata bomba la sinki litaimba. Omba uone seti yake iliyozeeka, siyo iliyotoka jana. Mabomba yote yatoke mkono mmoja, yasije yakagombana. Na fundi akae karibu, uweze kumgongea mlango ukiwa na hasira. Halafu yule asiye na foleni, muulize kwa nini hana."

Yeye mwenyewe alizunguka kaunti nne kabla ya kumchagua fundi wake, mzee Malachy Tansey wa Leitrim. Tulimcheka, tukamwambia hata mume hakumchagua hivyo.

"Mume nilimpata dansini usiku mmoja," akasema, "na mpaka leo ananikoromea. Kwa hili sikosei."

Foleni ya Malachy ilikuwa ya miaka tisa. Attracta alisimama mkiani bila kulalamika, akaacha namba ya simu ya karakana, kwa sababu kule bondeni kwake mtandao haushiki. Mwaka jana daktari akamwambia viungo vya vidole vimeanza kukakamaa, kwa hiyo miaka ya kupiga vizuri iliyobaki si mingi. Alianza tu kuitazama ile simu kila akipita.

Basi Februari niliingia karakana kuazima bisibisi. Attracta alikuwa juu ya tangi. Simu ikalia, nikapokea.

"Mwambie Attracta zamu yake imefika," sauti ya mzee ikasema. "Mbao ninazo. Bado anaitaka?"

Sasa, michango ya zawadi yake ya kustaafu nilikuwa naikusanya mimi. Na nilikuwa nimeshaona mtandaoni seti kamili, nyeusi, inang'aa, shaba kila mahali, iko tayari. Nikawaza, akiagiza kwa huyu, zawadi yetu imekufa.

"Haihitaji tena, mzee," nikasema. "Tumeshamfanyia mpango."

"Una hakika, bwana? Kuna mtu nyuma yake."

"Hakika kabisa."

Nikarudi kwenye siagi najiona mjanja.

Alhamisi kabla ya Pasaka mlikuwepo wengi kantini alipofungua sanduku la zawadi niliyoagiza mtandaoni. Mlipiga makofi. Attracta aliweka mvukuto chini ya kiwiko, akajaza mfuko, akapiga. Bomba la wimbo lilisema lake, mvumo ukasema wake, na alipogusa vitufe ilikuwa kama ng'ombe watatu wamefungiwa kwenye kibanda cha mmoja. Akaiweka chini. Akatushukuru wote, mmoja mmoja, kwa majina. Halafu akanigeukia.

"Foleni yake huyu fundi ni ndefu kiasi gani, Enda?"

"Hana foleni!" nikasema kwa fahari. "Ilifika wiki hiyohiyo."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Mungu awabariki kwa moyo wenu. Bahati nzuri zamu yangu kwa Malachy iko karibu."

Mimi nikageukia keki, nikaanza kuikata. Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Nililala nayo, nikaamka nayo, na kesho yake nikamfuata nyuma ya boila nikamweleza yote, simu na jibu langu. Aliweka spana chini polepole sana.

"Rudia."

Nikarudia.

"Ulijibu kwa mdomo wangu," akasema. Hakupandisha sauti, na heri angeipandisha. Kisha akachukua koti. "Lete sanduku. Unaendesha wewe."

Njia nzima mpaka Leitrim aliongea mara moja tu, kuniambia nimepita kona.

Mzee Malachy alipata aibu kuliko mimi. Mbao zilikuwa zimeshaanza kukatwa kwa ajili ya aliyefuata, mwalimu mmoja wa Ennis. "Nitampigia," akasema. "Nitamwomba asubiri."

"Usimpigie," Attracta akamkatiza. "Ameshaambiwa zamu yake imefika. Mimi nayajua maumivu ya kungoja. Mkia wa foleni uko wapi sasa?"

"Miaka tisa, mama. Na macho yangu haya, sijui kama nitafika. Vitufe vyenyewe navikata kwa kupapasa."

Nilitazama vidole vya Attracta, nikatazama sakafu.

Malachy akafungua sanduku letu, akachungulia ndani ya bomba moja, akakunja uso. "Hii choma moto upashe chai."

"Mabomba, sawa, yachome. Ila mfuko hauvuji, na mvukuto ni mzuri." Attracta alikuwa ameshavua koti. "Mashine yako ya kukerezea inashika sawa?"

"Inacheza kidogo upande wa kushoto."

"Naisikia kutoka hapa. Nipe kipande cha shaba."

Mzee akanitazama. Nikamwambia ampe tu. Meneja wetu mmoja aliwahi kujaribu kubishana naye.

Kwanza aliikaza mashine. Halafu akakata kitufe kimoja, akakipiga msasa, akakipuliza vumbi na kukiweka kiganjani mwa mzee. Malachy alikigeuza, akakigusa kwenye mdomo wake wa chini kama anayepima ubaridi, akakijaribu juu ya tundu la bomba. Kiliziba kimya kabisa.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye vali za maziwa. Zikivuja unafukuzwa."

"Na ukistaafu unakwenda kupumzika, nadhani."

"Nakuja hapa. Nitakukatia vitufe vyako vyote. Mashine ikipumzika, najitengenezea mabomba yangu wewe ukisimama nyuma unanigombeza. Itachukua muda gani?"

Mzee alikuna kidevu. "Kwa mkono huu? Miaka miwili."

"Vidole vitanisubiri. Nitavilazimisha."

"Jumatatu ya kwanza ukishastaafu, saa mbili," akasema Malachy. "Usichelewe."

"Mimi?" Attracta akavaa koti. "Muulize huyu dereva wangu nani huchelewa."

Kwa hiyo, wenzangu, yule mama aliyezunguka kaunti nne kutafuta fundi, fundi aliyempata mwishoni ni yeye mwenyewe, na Malachy pembeni yake. Michango yenu haikupotea. Mabomba mabaya atayavunja siku ya kwanza, lakini mfuko na mvukuto anabaki navyo. Seti yake ikilia siku moja, pumzi yake itakuwa imetoka kwetu.

Attracta, asante kwa kila vali ambayo haikuvuja na kila kikombe cha chai kilichonywewa na muziki. Samahani nimekuomba garini, nimekuomba nyuma ya boila, na sasa naiomba mbele ya kiwanda kizima. Tunakuombea vidole laini, mbao kavu na siku ndefu za furaha.

Jana nilipiga simu kwa Malachy, niulize kama nami naweza kupanga foleni. Alipokea Attracta, kumbe alikuwa amepita kuacha vifaa vyake.

"Zamu yako ikifika," akaniambia, "nitakupigia. Na nitaongea na wewe mwenyewe."