Ringi za Inchi Ishirini

Jumanne ya tarehe tisa Juni, asubuhi, mkurugenzi alimwambia fundi wa matairi, "Wewe funga, hukuajiriwa kufikiri." Fundi akafunga ringi za inchi ishirini kwenye gari la spoti la bosi huyo. Jioni bosi akampa lifti mke wa fundi, aliyekuwa mfagizi wa ofisi. Tairi likapiga shimo, likapasuka. Bosi alitoka na plasta kidoleni. Mama watoto hakutoka. Ripoti ikasema: uzembe wa fundi. Wakubwa huwa hawakosei, hukosewa tu.

Leo, ndani ya treni, mbele ya fundi alikaa jamaa aliyepakata ringi mpya kama kichanga.

"Inchi ishirini hiyo," fundi alisema bila kupima.

"Umejuaje, mzee wangu? Gari la spoti hilo! Kwenye kona litanata kama gundi."

"Litanata, sibishi. Ringi ikikua, ubavu wa tairi unabaki vidole viwili. Usukani unaitika upesi, hata kwa mwendo wa mia na themanini. Ila kokoto utazihesabu kwa kiuno, na shimo litagonga chuma moja kwa moja."

"Aa, mzee, usiniombee mabaya! Mimi dereva."

"Hata yeye alisema hivyo."

"Nani?"

Treni ikafunga breki. Jamaa akainuka, ringi begani, akicheka. "Mke wangu, mkweo huyo, anapenda mwendo, mzee!"

Fundi akamshika mkono wa shati. Milango ilikuwa imeshafunguka.

"Huyo mkwe wangu atakayekaa pembeni yako, umemwambia ni vidole viwili tu?"