Kengele Iliyonikimbiza

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, kwa ajili ya wale wanaoingia sasa hivi!

Ndugu zangu, mnanifahamu kama mwalimu Feza wa Alunguli, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Lakini nilipokuwa msichana wa shule jina langu lilikuwa Mbio, na nililichukia.

Wakati wa vita, mtaani kwetu mtu akiona wenye silaha wanakuja aligonga sufuria, jirani akagonga bati, na sote tukaingia porini. Jioni moja mlio ulianza. Baba alitufikisha kwenye majani, kisha akarudi kumbeba mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Hatukuwaona tena. Nilikuwa mdogo. Sikulia, nilingoja tu.

Vita vikapoa, nikaingia sekondari. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli, kimening'inizwa mbele ya ofisi ya prefe, mkuu wetu. Kila kilipogongwa, mwili wangu ulitoka darasani kabla akili haijajua. Nilipitia dirishani! Nilijikuta kwenye mihogo nyuma ya shule, kiatu kimoja mguuni. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kanisani walisema nina pepo. Walifunga, wakaniombea, wakanipaka mafuta mpaka chupa ikaisha. Sidharau maombi, ndugu zangu! Lakini hakuna aliyeniuliza kitu.

Mwaka wa mwisho prefe alichoka. Akasema nikikimbia mara nyingine, sitaketi kwenye mtihani wa Serikali. Mama yangu alikuwa akilima bustani za watu ili nipate diplome, cheti cha kumaliza sekondari. Na kesho yake kengele ililia, nikakimbia.

Aliyenifuata kwenye mihogo ni mwalimu Zaina. Ndiyo, Mwislamu, msinikunjie uso! Bwana humtuma amtakaye. Alikaa chini na kitenge chake kizuri, kwenye udongo, akangoja nipumue. Kisha akauliza: “Ile kengele inakuambiaka nini?”

Nikamwambia. Sufuria, bati, majani, mgongo wa Baba ukirudi. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Nililia machozi ya miaka yote ile, naye hakuninyamazisha.

“Woga ile ni ya siku ile,” akasema. “Leo iko kengele tu.”

Akaenda kuniombea msamaha kwa prefe, naye akakubali, na asubuhi iliyofuata akanipeleka mbele ya ile reli, akanipa nyundo. “Kamata. Leo njo weye utapiga.”

Nikaishika kwa mikono miwili. Nikapiga. Wanafunzi wakamwagika nje, wakikimbia kama kawaida yao. Lakini walikuwa wanamkimbilia mama wa mikate! Walikuwa wanacheka! Nikasimama pale na nyundo yangu, nikawatazama mpaka wa mwisho akapata mkate wake.

Haikuisha siku ile, sitawadanganya. Nilijifunza polepole kukanyaga sakafu kwa nguvu, kuvuta pumzi, na kujiambia: huu ni woga, naujua, utapita. Siku ya mtihani wa Serikali kengele ililia. Nikashika benchi, nikaita jina la Yesu, nikaendelea kuandika. Nilifaulu! Mama alicheza kutoka mlangoni hadi barabarani.

Siku hizi mwanafunzi wangu akipiga wenzake, au akinyamaza wiki nzima, huwa nakaa kwanza karibu naye. Habari za viboko na pepo baadaye.

Vijana wetu mnaosoma, nawasihi. Mwenye mzigo moyoni amwambie Mungu, halafu amwambie na mtu. Mtegemeeni Bwana, anasikia hata anayelia kwenye mihogo. Nanyi wazazi, ulizeni, kisha mngoje jibu.

Namshukuru Mungu aliyenikalisha chini nisikimbie tena. Asubuhi hii, ndugu zangu, kengele ya ibada nimeipiga mimi. Nimepiga, nanyi mmekuja.